Kepteni wetu wa zamani ana risiti 2 za mwaka mzima. Nimuulizeje?

Kaunta Buku (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, na naomba msicheke.

Mimi ni mweka hazina wa timu yetu ya mtaani huku Temeke tangu Januari. Sikugombea. Siku ya mkutano nilichelewa, nafika nakuta nimeshachaguliwa. Mwenyekiti wetu ana miaka 14 kwenye kiti. Kabla ya hapo alikuwa kepteni, beki wa kati, na bao lililotupandisha daraja alilifunga yeye kwa kichwa huku goti limefungwa bandeji. Mtaani kuna watoto wawili wamepewa jina lake. Akipita, hata bodaboda wanapunguza mwendo.

Shida ni daftari. Nilikabidhiwa kaunta buku ambalo kurasa 3 za mwanzo ni hesabu, zilizobaki zote ni vikosi vya mechi. Nikakaa nalo usiku mzima. Wanachama 43, kila mtu 5,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 2,580,000. Ongeza 500,000 tuliyopata kwa kushika nafasi ya pili kwenye ndondo, mashindano ya mtaani. Jumla 3,080,000. Risiti ni hizo 2: jezi 18 kwa 450,000 na mipira 3 kwa 180,000. Kwenye kopo la maziwa anamowekea hela mlikuwa na 37,500. Yaani 2,412,500 haina maandishi popote.

Sisemi kala. Waamuzi wanalipwa, gari la kukodi linalipwa, maji, misiba. Ila mwezi uliopita mchezaji wetu kafiwa na mama yake, tukataka kutoa rambirambi, kopo lina hizohizo 37,500. Tukapitisha kofia.

Jumapili nikamfuata chini ya mwembe, anacheza drafti. Shikamoo, marahaba. Daftari kaliona kwapani kwangu, usoni hakuniangalia. Akasogeza kete, halafu akapandisha suruali mpaka juu ya goti, akanionyesha lile kovu. "Mwanangu, mguu huu ulivunjika nikiichezea timu hii. Risiti yake umeiona humo?"

Wazee wakacheka. Nikaaga.

Mtu kama huyu anaulizwa vipi?

Straika Mstaafu

Mkuu unazunguka mbuyu. Hela za watu ni hela za watu. Itisha mkutano, soma hizo namba hadharani, aumbuke. Kovu analo hata mwizi wa kuku.

Kaunta Buku

Nikimuumbua hadharani timu inakufa siku hiyohiyo. Nusu ya vijana wanakuja mazoezini kwa ajili yake. Tena akiwafokea wanafurahi.

Mbio za Asubuhi

Salamu kutoka Eldoret, Kenya. Hili la kwenu sisi lilitupata kwa ukubwa wa taifa.

Mzee Kipchoge Keino hapa kwetu si jina la kutajwa hovyo. Dhahabu ya mita 1500 Mexico 1968, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Munich 1972, kisha akarudi nyumbani akalea mayatima na kujenga shule. Mwaka 2016, usiku wa ufunguzi wa Olimpiki ya Rio, akawa mtu wa kwanza duniani kutunukiwa Olympic Laurel. Mimi nilisimama mbele ya runinga kama niko kwa wimbo wa taifa.

Sasa, kamati yetu ya Olimpiki alikuwa akiiongoza yeye tangu 1999. Na kwenye michezo hiyohiyo ya Rio, mrusha mkuki wetu Julius Yego anafika uwanja wa ndege Nairobi anaambiwa tiketi hakuna. (Ilipatikana, akaenda akarudi na medali ya fedha.) Tulileta medali 13, 6 za dhahabu, lakini gumzo likawa sare zilizopotea na posho. Mambo yakafika mahakamani, hukumu ikatoka 2021. Hassan Wario, aliyekuwa waziri wa michezo, akatozwa faini ya shilingi milioni 3.6 au jela miaka 6. Stephen arap Soi, mkuu wa msafara, milioni 105.

Mzee Keino hakutiwa hatiani kwa lolote, hilo liandikwe kwa wino. Lakini 2018, akiwa na miaka 78, jina lake lilisomwa redioni pamoja na ya washukiwa. Nilikuwa ndani ya matatu. Dereva alipunguza sauti, na hakuna aliyesema neno mpaka tukafika stendi.

Kwa hivyo usiogope kuwa unamvunjia heshima. Sisi tuliogopa hivyohivyo. Nani angemwendea Kip Keino na kumwambia afungue vitabu vya kamati?

Mama wa Kufuli Tatu

Mdogo wangu, nimeshika sanduku la vikoba miaka 9. Lina kufuli 3, funguo 3, watu 3, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza kwani mimi mwizi.

Ulikosea pa kuanzia. Mwanaume humwendei na daftari mbele ya wenzake wa drafti. Nenda kwake jioni, mkewe akiwepo. Usimuulize hela ziko wapi. Mwambie, "Baba, nisaidie kukumbuka mechi." Mechi moja baada ya nyingine. Mtu wa mpira hasahau mechi, na akiikumbuka mechi atalikumbuka na gari mliloendea. Wewe kazi yako kuandika tu. Na uende na sukari, usiende mikono mitupu.

Mzunguko Kijani

Ushauri wa Mama uchukue. Mimi naongeza moja.

Leodegar Tenga alikuwa kepteni wa Taifa Stars ya Lagos 1980, ya kwanza kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulikaa miaka 39 kabla ya kurudi. Kwa ukepteni ule tu angeweza kula na kunywa bure nchi hii mpaka leo. Akawa rais wa TFF, shirikisho letu la mpira, mwishoni mwa 2004, na 2013 akasema basi, sigombei. Nilikasirika sana, nilitaka abaki. Wakati huohuo Issa Hayatou alikuwa rais wa CAF, shirikisho la soka Afrika, tangu 1988, na hakutoka mpaka kura zilipomtoa 2017.

Wa kwenu ana miaka 14. Risiti ni dalili tu, mkuu. Katiba yenu inasema muhula miaka mingapi?

Kaunta Buku

Katiba tunayo, iko kwake.

Mrejesho, wakuu. Nilienda jana na kilo 2 za sukari. Mke wa Mzee kanikaribisha chai. Nikamwomba Mzee anisaidie kukumbuka mechi kama nilivyofundwa, na kweli, kafunguka kama bomba. Mechi ya Kigamboni, gari 90,000. Kipa kavunjika kidole, hospitali 65,000. Mwamuzi wa nusu fainali. Mara mbili mkewe alimkatiza: "Hiyo ulitoa mfukoni kwako, usiitie humo." Hakubisha. Tulikaa mpaka saa 5 usiku, tukafikisha 1,310,000.

Imebaki 1,102,500. Nikamsomea. Akanyamaza muda mrefu, anasugua lile goti.

Nikamuuliza, "Baba, hapa niandike nini?"

Akasema, "Andika sijui. Halafu uweke jina langu."

Nimeandika. Kesho namfuatia ile katiba.