Nyumba ilikuwa tupu wiki mbili, uniti 6 zimeenda wapi?

MamaShani
Wadau habari zenu. Mi na watoto tulienda Tanga kwa bibi yao wiki mbili kamili, kabla ya kutoka nilitoa kila kitu kwenye friji nikalizima, taa zote nikazima, kwenye luku nikaacha uniti 21. Jana tumerudi nakuta 15! Jirani ananiambia kuna mtu kajiunganishia umeme kwangu, sasa hata kumsalimia mpangaji wa nyuma sina amani. Naombeni msaada.

fundi_wa_mtaa
Dada pole na safari, ila usimshike mtu uchawi kwanza. Uniti 6 ni wati-saa 6000, wiki mbili ni masaa 336, ukigawanya unapata kama wati 18 hivi zinazokula usiku na mchana bila kupumzika. Mtu akijiunganishia kwako hata pasi moja tu ni zaidi ya wati 1000, ungekuta luku imekata zamani. Hiyo ni stendibai, yaani kitu kimezimwa kwa rimoti lakini bado kinakula umeme kidogo kidogo. King'amuzi ulikizima ukutani au kwa rimoti?

MamaShani
Kwa rimoti kaka, na sabufa pia, ile taa yake nyekundu huwa inabaki.

fundi_wa_mtaa
Basi hao hao. Shika king'amuzi sasa hivi kikiwa "kimezimwa", utakuta kina joto. Sasa fanya hivi, zima kila kitu swichi ya ukutani, kaangalie kile kitaa chekundu kwenye mita, kama imeandikwa 1000 imp/kWh kila kikiwaka mara moja ni wati-saa 1. Vyote vikiwa vimezimwa na bado kinawaka, hapo ndo kuna waya unavuja au mtu kajiunga, niite mimi au fundi yeyote. Kisipowaka, washa kitu kimoja kimoja uhesabu sekunde toka kuwaka mpaka kuwaka tena, chukua 3600 gawa kwa hizo sekunde, jibu ndo wati.

Mzigua77
Naongezea, chaja ya simu isiyo na simu watu wanaisema sana lakini haifiki hata nusu wati, TV mpya nazo stendibai yake ni ndogo. Wabaya ni ving'amuzi na sabufa za zamani. Na friji likirudi kazini angalia mpira wa mlango, bana karatasi ufunge, ikichomoka kirahisi mpira umechoka na hapo friji linakula umeme zaidi.

MamaShani
Nimerudi na majibu, nimekaa na saa pale kwenye mita kama mlinzi. Vyote vimezimwa, kitaa kimya kabisa nusu saa nzima. King'amuzi peke yake kinawaka kila dakika 5, sabufa peke yake kila dakika 10.

fundi_wa_mtaa
Dakika 5 ni wati 12, dakika 10 ni wati 6, hizo hapo 18 zako. Vikikaa stendibai muda wote, kwa mwezi ni karibu uniti 13. Unatumia ngapi kwa mwezi?

MamaShani
84, 85 hivi.

fundi_wa_mtaa
Kama upo tarifu ya chini ndo inauma zaidi, maana hadi uniti 75 kwa mwezi kila uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, zinazozidi ni 350 kila moja. Ukiokoa hata 10 kati ya hizo 13 unarudi kwenye 75. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye swichi, uzime kila msipovitumia, siyo wakati wa kulala tu.

MamaShani
Ekstensheni naichukua kesho dukani. Mpangaji wa nyuma nimeshampelekea machungwa ya Tanga.