Tupeane uzoefu: ni mashindano gani ya magari ya masafa marefu yaliyo makuu kuliko yote?

Mwanzisha mada, Nairobi

Ndugu wanajamvi, natumaini hamjambo. Nimeanzisha mada hii kwa sababu kila mwaka, mashindano ya Le Mans, yale ya saa 24 huko Ufaransa, yanapokaribia mwezi Juni, hubishana na marafiki zangu kuhusu mashindano gani yanastahili kuitwa makuu kuliko yote katika mbio za magari za masafa marefu, na ubishi huo huishia kwa kila mtu kutaja alilolitazama kwenye televisheni. Hapa ningependa tusikie kutoka kwa waliosimama kando ya barabara, waliofanya kazi ya ufundi, waliosimamia vituo vya kupimia muda, au waliosafiri kwa fedha zao kwenda kuona kwa macho. Atakayechangia aeleze alichokiona, kisha atoe hukumu yake na sababu zake.

Mimi nitaanza na msimamo wangu. Naamini hakuna mashindano yaliyowahi kumdai binadamu na gari lake zaidi ya Safari Rally ya zamani, ile iliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara zilezile ambazo mabasi, malori na mifugo ilizitumia siku hiyo hiyo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza saba tena, na katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiwa na mwelekezi wake (anayemwonyesha dereva njia) Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Mashindano ambayo kumaliza kwenyewe kunampa mtu jina la kudumu ndiyo ninayoyaita makuu.

Mchangiaji, Nakuru

Nashukuru kwa mada. Mimi nimekulia karibu na barabara iliyokuwa ikitumika na Safari, na Pasaka nyumbani kwetu ilikuwa na mambo mawili, ibada na magari. Tulitoka alfajiri pamoja na babu, tukapanda kilimani mahali ambapo vumbi lingeonekana kabla ya injini kusikika, na wazee waliweza kutaja aina ya gari kwa mlio wake tu. Kama mvua ya masika ilikuwa imenyesha, hatukungoja vumbi. Tulisimama karibu na matope, kwa sababu huko ndiko madereva walikohitaji watu wa kusukuma.

Jambo ambalo vijana wa leo hulisahau ni kwamba barabara haikufungwa. Dereva aliyetoka Ulaya akiwa bingwa wa misitu ya Finland alijikuta akipishana na lori lililojaa viazi, na baada ya kona akakuta ng'ombe. Ndiyo maana magari yalifungwa vyuma vizito mbele, taa za ziada, na bomba refu la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya paa ili injini isinywe maji mtoni. Kwa miaka mingi wageni walikuja na kushindwa. Mtu wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola, mwaka 1972, kwa Ford Escort.

Kwetu mashujaa walikuwa wa hapa hapa. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika mashindanoni, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, na watu wakamwita Simba wa Kenya kwa mapenzi ya kweli. Shekhar Mehta, ambaye familia yake ilifukuzwa Uganda wakati wa Idi Amin, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi wake wa kwanza, wa mwaka 1973, ulipatikana baada ya yeye na Harry Källström kulingana kabisa kwa alama za adhabu, zile za kuchelewa vituoni, ikabidi waamuzi watazame nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Hebu fikirini: siku kadhaa za mbio, maelfu ya kilomita, halafu watu wawili wanalingana.

Mchangiaji, mzaliwa wa Bukavu, naishi Ufaransa

Ninawaheshimu wazee wa Safari, lakini naomba nitetee Le Mans, kwa sababu nimekwenda mara nyingi na naona hapa watu huyachukulia kama mbio za kuzunguka uwanjani tu. Kwanza, uwanja huo wenye urefu wa kilomita 13.626 kwa sehemu kubwa ni barabara ya umma. Ule mnyoofu mrefu wa Hunaudières, siku za kawaida, unapitwa na malori na watu wanaokwenda sokoni. Mimi mwenyewe huupita nikienda kwa wateja wangu.

Pili, ndugu wa Nakuru ametaja umbali. Mwaka 1971 Porsche 917 iliyoshinda Le Mans ilikwenda kilomita 5,335, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2010. Huo ni umbali unaokaribiana na njia nzima ya Safari ya wakati ule, lakini umekwendwa kati ya alasiri moja na nyingine, kwa wastani wa zaidi ya kilomita 220 kwa saa, huku usiku ukipita katikati. Usiku ndio unaoamua. Ukisimama kwenye kona ya Tertre Rouge saa tisa za usiku, unaona gari la daraja la juu likiyapita magari mawili ya madaraja ya chini kwa kutegemea taa tu, na unajua dereva huyo aliamshwa kitandani nusu saa iliyopita.

Nilikuwepo mwaka 2016. Toyota namba 5, iliyokuwa ikiongoza, ilipoteza nguvu zikiwa zimebaki dakika chache, ikasimama kwenye mstari wa kuanzia na kumalizia, mbele ya jukwaa letu, na Porsche ikapita. Gari lile lilifanikiwa kujikokota mzunguko mmoja zaidi, lakini kwa sababu mzunguko huo ulichukua muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu, halikuhesabiwa hata kuwa limemaliza. Watu wazima walilia, wakiwemo wale waliokuwa wakiishangilia Porsche. Mashindano yanayoweza kumnyima mtu kila kitu baada ya saa ishirini na tatu na dakika hamsini na kitu hayawezi kuitwa mepesi.

Fundi, Mombasa

Salaam kwenu nyote. Mimi ni fundi wa magari, na nimefanya kazi ya huduma katika mashindano ya Safari ya magari ya kale, yale yaliyoanzishwa mwaka 2003 ili kurudisha njia ndefu za zamani za Kenya na Tanzania. Nitasema kwa upande wa gereji, kwa sababu kwa dereva mtasikia mengi.

Katika mbio za uwanjani gari linarudi kwako. Likiwa na tatizo, dereva anazunguka, anaingia kwa mafundi, na vipuri vyote vipo mita chache kutoka pale anaposimama. Katika mbio za nchi kavu wewe ndiye unayelitafuta gari. Unaondoka saa nane usiku ukiwa na springi, shokapu, rejeta, tairi, mafuta ya breki na vyuma vya kuchomelea, unakwenda kungojea mahali palipopangwa, na kama gari halikufika hujui kama limeharibika, limepotea au limepinduka. Likifika una dakika chache. Nimewahi kubadilisha shokapu za nyuma zikiwa na moto kiasi cha kuchoma glavu, dereva akiwa amelala kwenye kiti bila kufungua mkanda, na mwelekezi wake akihesabu dakika kwa sauti. Hatukuzungumza neno lingine lolote. Gari lilipoondoka tulikusanya vifaa na kuanza kulifukuza tena kwenda kituo kilichofuata.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa Ufaransa kwa hoja moja ambayo naiona nzito. Porsche imeshinda Le Mans mara 19, kuliko kampuni nyingine yoyote. Lakini katika Safari ile ya asili, Porsche haikushinda hata mara moja, ingawa ilijaribu kwa bidii na kwa fedha nyingi. Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuwa wa pili kwa Porsche 911, nyuma ya Joginder aliyekuwa na Mitsubishi ndogo. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo akawa wa pili tena kwa Porsche. Waldegård alikuja kushinda Safari mara nne kwa magari ya kampuni nyingine, na ni mwaka 2011 tu, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 65, alipoishinda ile ya magari ya kale akiendesha Porsche 911. Ikiwa kampuni inayoijua Le Mans kuliko wote ilishindwa na barabara zetu, basi barabara zetu ndizo mtihani mkubwa zaidi.

Na kuna suala la watu. Le Mans gari moja lina madereva watatu wanaopokezana. Katika Safari walikuwa wawili, dereva na mwelekezi, na hakuna aliyewapokea.

Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Familia yangu ni ya Unguja na mimi nimezaliwa huku. Nimefurahi kuona mada hii, na ninaleta jina ambalo halijatajwa: Dakar.

Wengi wanajua kwamba Thierry Sabine alipotea jangwani mwaka 1977 akiwa katika mashindano ya Abidjan hadi Nice, akanusurika, na Desemba 1978 akawaondoa washindani wa kwanza kutoka Paris kuelekea Dakar. Yeye mwenyewe alifariki kwa ajali ya helikopta nchini Mali mwaka 1986. Mwaka 2008 mashindano yalifutwa kwa hofu ya usalama nchini Mauritania, yakahamia Amerika Kusini, na tangu mwaka 2020 yako Saudia, ambako mimi na binamu zangu tumeweza kwenda kwa gari.

Nilichokiona ni hiki. Katika mchanga wa Rubu al-Khali hakuna barabara ya kuzungumzia, iwe ya umma au ya kufungwa. Dereva anafika juu ya tuta la mchanga bila kujua upande wa pili ukoje. Mwaka 2024 waandaaji waliongeza mkondo, yaani kipande cha mbio kinachopimwa muda, wa saa 48: ilipofika saa kumi jioni kila mshindani alitakiwa kusimama kwenye kambi iliyo karibu naye, alale hapo kwenye hema, na alitengeneze gari lake bila fundi. Aidha lipo kundi la waendesha pikipiki ambao hawaruhusiwi kuwa na mtu wa kuwahudumia mashindano yote; mtu anaendesha mchana kutwa, kisha usiku anafungua injini yake mwenyewe. Fundi wetu wa Mombasa atakubaliana nami kwamba hilo ni zito kuliko kungojewa kituoni.

Sisemi haya kwa kuidharau Le Mans. Sisi Oman tuna Ahmad Al Harthy, ambaye mwaka 2023 alimaliza huko wa pili katika daraja lake akiwa na Aston Martin, na usiku ule nyumbani kwetu hakuna aliyelala. Lakini moyo wangu uko jangwani.

Mchangiaji, Ujerumani

Kwa ufupi: njooni muone saa 24 za Nürburgring. Uwanja una urefu wa takribani kilomita 25 ndani ya msitu, magari huzidi mia moja, na dereva asiye wa kulipwa, mwenye gari dogo alilolitengeneza na wenzake, anashiriki usiku huo huo na timu za viwanda. Ukungu ukishuka, upande mmoja wa uwanja una mvua na mwingine ni mkavu. Sijui mashindano mengine makubwa ya leo yanayompa mtu wa kawaida nafasi kama hiyo.

Mchangiaji, Kampala

Nimesoma yote kwa makini. Nimewahi kujitolea kusimamia kituo cha kupimia muda katika Pearl of Africa Rally hapa kwetu, kwa hiyo nasema nikiwa na mapenzi na mbio za barabarani. Hata hivyo naona watetezi wa Safari wanachanganya mambo mawili. Safari iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, yenye makao yake Naivasha, ina mikondo ya kasi isiyofikia kilomita 400 kwa jumla, barabara zimefungwa, na timu hurudi kwenye kituo kimoja cha huduma. Ni ngumu, na nilimwona Thierry Neuville akipoteza ushindi siku ya mwisho ya mwaka huo baada ya shokapu kuvunjika, ushindi ukamwendea Sébastien Ogier. Lakini si mashindano ya masafa marefu kwa maana tunayoijadili. Na ile ya zamani haikupita tena Uganda baada ya nchi yetu kuingia katika matatizo ya miaka ya 1970. Je, tunaweza kuyapa taji mashindano ambayo hayapo?

Mwanzisha mada, Nairobi

Dada wa Kampala, swali lako ni la haki. Nitalijibu kwa kutenganisha. Kwa mashindano yaliyowahi kufanyika, sibadili msimamo: Safari ya kati ya 1953 na miaka ya 1970, ikiwa na watu wawili ndani ya gari, takribani kilomita 5,000 na barabara iliyo wazi kwa kila mtu, haina mpinzani, na hoja ya fundi kuhusu Porsche imenithibitishia. Kwa yaliyo hai leo, maelezo ya ndugu wa Muscat kuhusu wale wa pikipiki wasio na fundi yamenifanya niiweke Dakar mbele ya Le Mans, jambo ambalo sikulitarajia nilipokuwa nikiandika ujumbe wa kwanza.

Bado hatujasikia kutoka upande wa Tanzania. Kama yupo aliyeona magari yakipita Tanga, Morogoro au Dodoma enzi zile, au mwenye mzazi aliyesimamia kituo huko, tafadhali aandike, na aeleze hasa hali ya barabara wakati wa mvua na muda ambao magari ya mwisho yalifika.