Huyu wa "majina ni ya chekechea" leo kanifikisha mwisho

Wakuu, simtaji. Mlioko Mtwara mjini kwenye mambo ya programu mnamjua, yule wa miwani kichwani muda wote.

Leo mchana, mbele ya vijana wa fildi, projekta inawaka, kafungua faili langu la lugha ya Python na kufuta majina ya parameta (thamani unazoipa fankisheni) kwenye kila mstari unaoita fankisheni (kipande cha programu chenye jina na kazi yake). Moja moja, huku anacheka. Kisha anasema: "Haya majina ni ya chekechea, mtu mzima anajua mpangilio." Chekechea! Mimi!

Niliandika hivi:

lipa(kilo=1200, bei=2800, makato=50)

Hata bibi wa Newala asiyewahi kugusa kompyuta anaelewa. Yeye kaacha hivi:

lipa(2800, 1200, 50)

Mmeona? Kilo na bei kavipindua na wala hana habari! Kompyuta nayo imekaa kimya, maana zote ni namba. Makato ni ya kila kilo, kwa hiyo yangu inatoa 3,300,000, yake 3,220,000. Elfu themanini ya mkulima wa korosho imeyeyuka na jumla inafanana na ya kweli, nani atashtuka? Kwa majina, hata ukianza na bei ukamalizia na kilo, jibu ni lile lile.

Hakushiba. Difoti nazo (thamani zinazotumika usipotaja kitu), daraja=1, risiti=True, kafuta. Sasa kila mstari una mkia wa 1, True, None, True mrefu kama barabara ya Liwale. Hiyo True ya mwisho ni ya nini? Tukamuulize mganga?

Kesho naweka kinyota pale fankisheni inapoundwa: def lipa(*, kilo, bei, makato=0). Asipotaja majina Python yenyewe inamkatalia. Ipo tangu toleo la 3.0, 2008. Aje kufuta tena.

Chekechea! Mbele ya vijana wa fildi!

Pweza_Mikindani: Miwani kichwani? Namjua! Mimi alinifutia maelezo yote, eti msimbo wangu una maneno kuliko gazeti.

Babu_Nangurukuru: Povu lote hili kwa parameta tatu? Tatu mimi nazikariri nikiwa usingizini. Kunywa maji mkuu.

Mwenye uzi: Kariri tu. Anayelipa ni mkulima.

Binti_Nachingwea: Difoti nazo zina kisirani. Nilirithi msimbo wa mtu, def sajili(jina, magunia=[]). Python huiunda hiyo orodha mara moja tu, pale def inaposomwa, si kila unapoita. Magunia ya mkulima wa kwanza yakamwangukia wa pili. Weka None, yaani tupu, orodha iunde ndani ya fankisheni.

Java_Mpaka_Kaburini: Nyie mnadeka. Sisi wa lugha ya Java hatuna difoti wala majina. Unaandika lipa ile ile mara nne, kila moja na parameta zake.

Pweza_Mikindani: Hamia lugha ya Kotlin, ina vyote viwili. Hata lugha ya PHP ilipata majina kwenye 8.0, 2020.

Java_Mpaka_Kaburini: Nihamie na laptop gani? Chaja yangu iko kwa huyo wa miwani tangu Ramadhani.

Babu_Nangurukuru: Kumbe na wewe? Mimi flashi.

Binti_Nachingwea: Mie feni! Joto la Mtwara hili, kaondoka na feni ya watu!

Mwenye uzi: Jamani, turudi kwenye mada. Kasema CHEKECHEA.

Java_Mpaka_Kaburini: Mwenye chaja ya ziada ya pini nyembamba, nipo Shangani, anicheki inboksi.