Ligi ya watoto Mtwara: hela za fomu mmechukua, vyeti vya watoto mmekataa, vijeba mmeingiza

Wakuu, habari za jioni. Nimenyamaza wiki mbili nikisema labda haya mambo yataisha kwa mazungumzo. Hayajaisha. Naandika nikiwa na hasira na sifichi. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa wazazi wa Mtwara na wenzetu wa Lindi, kwa sababu mtoto wako anaweza kuwa na cheti kama cha mwanangu na hujui kinachomsubiri.

Mimi ni fundi cherehani, nina banda Magomeni hapa Mtwara mjini. Mwanangu yuko darasa la sita, Novemba anatimiza miaka 12. Mpira kwake ni maisha. Wakikosa mpira wanacheza chandimu la matambara, na hayo matambara wanaokota chini ya cherehani yangu. Kwa hiyo lilipokuja tangazo la ligi ya mitaa ya watoto chini ya miaka 13 nilifurahi kuliko yeye. Tangazo lilipita kwenye magrupu ya wazazi, likabandikwa na pale uwanjani. Fomu 5,000 kwa kila mtoto, kopi ya cheti cha kuzaliwa, picha mbili za paspoti na sahihi ya mzazi. Basi. Hakuna lingine lililoandikwa.

Mtaani kwetu kulikuwa na watoto tisa wanaotaka. Wazazi wakasema mama, wewe ndiye una nafasi ya kufuatilia, tusaidie. Nikakubali. Nikakusanya hela, nikapeleka vyeti steshenari kutoa kopi, nikajaza fomu tisa kwa mkono wangu usiku nyumbani.

Mjue hali ilivyo huku mwezi wa tisa. Korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka, minada mpaka Oktoba, na hata zikiuzwa hela inapita chama cha msingi kwanza ndipo imfikie mkulima. Huu ndio mwezi mkavu kabisa kwa mtu wa kusini. Kuna bibi jirani analea mjukuu wake. Aliniletea ile 5,000 yote kwa sarafu, amezifunga kwenye pindo la kanga, akazihesabu moja moja juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Akaniambia, "Mwanangu, usiniangushe huyu mtoto."

Siku tatu kabla ya kufunga usajili tukaambiwa kuna 7,000 nyingine kwa kila mtoto, ya uendeshaji: marefa, chokaa, maji, huduma ya kwanza. Haikuwa kwenye tangazo. Tukapiga kelele, tukajibiwa asiyelipa asicheze. Watoto wameshajiandaa, utawaambia nini? Nikakopa kwenye kikoba nikawalipia wawili ambao wazazi wao walishindwa. Jumla watoto tisa kwa 12,000 ni 108,000. Zote nimetuma kwa simu, na jina lililotokea wakati wa kutuma ni la mtu binafsi, siyo la ligi wala la ofisi yoyote. Nilipoomba risiti nikaambiwa ujumbe wa simu ndiyo risiti.

Hapo bado nilikuwa mvumilivu. Nikashona hadi namba za jezi, nikakata satini nyeupe kuanzia 2 mpaka 10, nikazipiga zigizaga moja moja ili zisifumuke wakifua. Mwanangu alichagua 7.

Jumamosi ya uhakiki tukafika saa moja asubuhi. Meza moja, katibu wa ligi na daftari lake la kaunta, na mstari mrefu wa watoto kila mmoja na bahasha yake. Zamu yetu ikafika. Katibu akachukua cheti halisi cha mwanangu, akakiinua juani, akalowesha kidole gumba kwa mate na kusugua pale kwenye jina. Wino ukachuja kidogo. Akanigeuzia: "Mama, hiki umeandika mwenyewe nyumbani. Vyeti vya serikali vinatoka kwenye kompyuta."

Mbele ya mtoto. Mtoto amesimama na soksi ameshavuta mpaka magotini, anasikia mama yake anaitwa mghushi.

Sasa wakuu, hapa nataka tuelewane vizuri maana ndipo kiini kilipo.

Mpango wa kusajili bure watoto wa chini ya miaka mitano, ule wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na UNICEF ulioanzia Mbeya mwaka 2013, uliletwa Lindi na Mtwara mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto wengi sana wa mikoa hii walikuwa hawana cheti kabisa. Mpango ukarahisisha: cheti kinatolewa bure, kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, papo hapo. Na kinajazwa KWA MKONO. Taarifa za mtoto zinatumwa kwa simu kwenda kwenye mfumo wa RITA, mzazi anaondoka na cheti chenye sahihi na muhuri. Mimi nilikuwepo. Nilipanga foleni na mwanangu mgongoni, ana kasoro kidogo miaka minne. Dada aliyekuwa anaandika alikuwa na kalamu ya bluu, akaniuliza mara mbili jina la babu linaandikwaje.

Piga hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu mwaka 2017 leo ana kumi na moja. Yaani rika lote la ligi ya chini ya miaka 13 katika mikoa yetu miwili ndilo rika lililopata vyeti vya mkono! Ukisema cheti cha mkono hukitaki, umesema watoto wa Lindi na Mtwara huwataki. Utabaki na waliozaliwa Dar na waliohamia. Na ndivyo ilivyokuwa: kati ya tisa wangu, sita walikatwa. Wawili waliopita vyeti vyao vimechapwa kwa kompyuta, wamezaliwa kwingine.

Wa tatu aliyepita ndiye aliyeniumiza. Cheti chake ni cha mkono vilevile, kata ileile, wino uleule wa bluu. Katibu alimsalimia baba yake kwa jina, wakacheka, akagonga muhuri bila hata kukifungua vizuri. Sina ugomvi na yule mtoto, acheze, ana haki yake. Lakini kama cheti chake ni halali, cha mwanangu kimekuwa cha bandia kwa sababu gani? Niliuliza hivyo. Jibu: "Mama usitucheleweshee mstari."

Msinielewe vibaya, sipingi kuhakiki umri. Nchi hii tuna kidonda cha hilo. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walishafuzu fainali za vijana za Afrika, wakaenguliwa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Kizazi kizima cha watoto kilikosa mashindano kwa ajili ya mtu mmoja. FIFA wenyewe kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 wamekuwa wakipiga picha za MRI za kifundo cha mkono tangu 2009 kuwabaini waliozidi umri. Kwa hiyo hakiki, tena hakiki sana. Ila kuhakiki siyo kulamba kidole na kusugua karatasi. Cheti kina namba ya usajili. RITA wanahakiki vyeti, vijana wanaoomba mikopo ya elimu ya juu wanafanya hivyo kila mwaka. Kuna rejesta ya shule, kuna kadi ya kliniki yenye tarehe ya kila chanjo. Kadi za kliniki nilikuwa nazo nne kwenye mfuko siku ile. Hakutaka kuziona.

Na hao walioachwa wapite ndio nataka kuwasimulia.

Mechi ya ufunguzi nilikwenda kuwaangalia wale watatu wetu. Timu pinzani wana mshambuliaji, nilipomwona tu nikajua namfahamu. Mimi nawakumbuka watu kwa vipimo. Huyu kijana Januari alikuja bandani na mama yake, nikamshonea suruali mbili za sare, kidato cha pili. Kiuno inchi 29, urefu 40. Daftari langu la vipimo lipo, na tarehe ipo. Kidato cha pili, wakuu, kwenye ligi ya chini ya miaka 13! Na hakuwa peke yake. Beki wao wa kati ndevu amezinyoa asubuhi ile, kidevu bado kina wekundu wa wembe. Kipindi cha pili huyo beki akamvaa mtoto wetu wa miaka kumi, mtoto akaruka akaangukia mkono. Namshukuru Mungu haukuvunjika, umeteguka tu. Ile huduma ya kwanza tuliyolipia? Hapakuwa na hata bandeji. Nilimfunga kwa kitambaa changu cha kichwa, nikampakia bodaboda mpaka zahanati.

Wale vijeba, hao waliozidi umri, wana vyeti vya kompyuta. Vimenyooka, vimelaminetiwa. Vimetoka wapi sijui mimi, ila suruali nilishona mimi.

Nikadai hela za wale sita waliokatwa. Ni 72,000. Nikajibiwa hela ya fomu hairudi, imeshaingia kwenye maandalizi. Nikasema sawa, rudisheni hata ile 7,000 ya uendeshaji, maana huwezi kumwendesha mtoto uliyemkatalia kuingia uwanjani. Simu ikakatwa. Toka siku hiyo haipokelewi, na kwenye grupu la wazazi nimeondolewa.

Yule bibi wa sarafu hajaniuliza kitu. Ananisalimia kila asubuhi kama kawaida. Afadhali angenigombeza. Mjukuu wake anavaa ile jezi namba 4 kwenda kuchota maji.

Huku kwetu tunapenda kulalamika kwamba kusini hatuna timu. Timu yetu ya Ndanda ilivyopanda Ligi Kuu mwaka 2014 uwanja wa Nangwanda Sijaona ulikuwa unajaa, mji mzima unashangilia Kuchele, Kuchele. Ikashuka 2020, tukabaki kuwashangilia majirani zetu Namungo wa Ruangwa. Kila mtu ana sababu yake ya kwa nini Ndanda ilianguka. Mimi siyo mtaalamu wa mpira. Lakini nimeona kwa macho yangu watoto sita wenye umri halali wanarudishwa nyumbani na badala yao wanaingia wenye ndevu. Wachezaji wa kesho wa mkoa huu mnawatoa wapi kwa mtindo huo?

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, asanteni mnaonipa moyo. Nijibu machache.

Anayesema ningeenda tu kubadilisha vyeti viwe vya kompyuta: ndugu yangu, tuliambiwa Jumamosi, mwisho Jumatatu. Jumapili ofisi imefungwa. Na kwa nini nibadilishe hati halali ya serikali eti kwa sababu katibu wa ligi haijui?

Anayesema wasubiri UMITASHUMTA: ile ni michezo ya shule za msingi, na inachukua wachache tu waliochaguliwa. Watoto hawa walitaka kucheza Jumamosi na wenzao wa mtaani. Ndiyo maana halisi ya ligi ya mitaa.

Mnaonitaka nitaje jina la ligi na la katibu: sitaji hapa. Watoto wetu watatu bado wako ndani, na mwenzao mmoja mkono umefungwa. Sitaki wafanyiwe kisasi kwa maneno yangu. Majina nitayataja mbele ya anayehusika.

Na kaka uliyeandika kwamba wanawake tusiingilie mpira: hela mlipokea kwa mwanamke, na jezi mnazoziona uwanjani kashona mwanamke. Mkono wa mtoto umefungwa na kilemba cha mwanamke. Nitaingilia.

Nimeongea na mtendaji wetu wa kata. Amekitazama cheti cha mwanangu, amekiri muhuri ni wa ofisi yake, na ameniandikia barua. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye ofisi ya afisa michezo wa manispaa nikiwa na barua hiyo, vyeti sita halisi, kadi nne za kliniki, ujumbe wote wa miamala ya simu na daftari langu la vipimo. Mzazi yeyote ambaye mtoto wake amekatwa kwa sababu ya cheti cha mkono, njoo tukutane pale nje. Beba cheti halisi, siyo kopi. Na mtoto mwache aende shule.