Fleti ina nyaya za umeme wa usiku: nifunge hita za kuhifadhi joto au za kawaida za ukutani?

BintiMuheza
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri kabla baridi haijakolea. Nimenunua fleti ghorofa ya tatu hapa Reading, Uingereza, sebule na vyumba viwili, jengo la 1986 lisilo na gesi. Nimekuta hita tatu za kuhifadhi joto, zile zenye matofali ndani yanayopashwa moto usiku na kutoa joto mchana. Moja imekufa. Ya sebuleni inawaka vizuri asubuhi, lakini nikirudi kazini saa kumi na mbili jioni naigusa, ni ya baridi kama ukuta.

Mita yangu ni ya Economy 7, mpango wa bei mbili: usiku peni 15 kwa uniti, mchana peni 31. Nikihamia mpango wa bei moja, nitalipa peni 26 saa zote. Kuna masanduku mawili ya breka, moja linapata umeme usiku tu.

Fundi kanitajia pauni 950 kwa kila hita mpya ya kuhifadhi joto, pamoja na kufunga. Hita nyembamba za ukutani ni kama pauni 150, na muuzaji ananihakikishia kwamba zinabana matumizi. Rafiki yangu anasema nifunge kiyoyozi kinachotoa joto. Nishike lipi?

FundiStima
Dada, hii ndiyo kazi yangu huku Leicester, kwa hivyo nitakueleza pole pole.

Hiyo ya kubana matumizi iweke kando. Hita ya koili ikila uniti moja ya stima, inatoa uniti moja ya joto, iwe ya pauni 40 au ya pauni 400. Kinachobadilika ni bei ya hiyo uniti na saa unayopata joto.

Tuseme sebule yako inataka uniti 12 kwa siku wakati wa baridi. Kwa bei ya usiku ni pauni 1.80. Kwa peni 26 ni pauni 3.12. Tofauti ni pauni 1.32 kwa siku, na kwa siku 150 za baridi inakuwa pauni 198. Hiyo ni sebule peke yake. Na ukiweka hita za ukutani huku umebaki na Economy 7, utazilisha kwa peni 31, jambo baya kuliko yote.

Nyaya za usiku tayari unazo. Watu wanalipa pesa nyingi kuziingiza, usizing'oe.

NessaMK
Naomba nipinge kidogo. Mimi niko Milton Keynes, nafanya kazi hospitali kwa zamu, naweza kukaa siku mbili sipo nyumbani. Hita za kuhifadhi joto zilikuwa zinajaza usiku kucha kumpashia joto mtu ambaye hayupo. Nikaweka za ukutani na bei moja, nawasha nikifika, nazima nikitoka. Bili yangu ilishuka. Hesabu ya Fundi ni sahihi kwa mtu anayerudi kila jioni. BintiMuheza, unaishi na nani, na mchana kuna mtu ndani?

BintiMuheza
Naishi na mama, amekuja kuniangalizia mtoto. Wako ndani kutwa.

FundiStima
Basi hapo nimesimama palepale. Nessa amesema kweli kwa hali yake, lakini bibi na mtoto wanataka joto la mfululizo, na ndilo matofali yanatoa.

Kabla hujatoa pauni 950, jaribu hii ya sebuleni. Juu yake kuna vifundo viwili vya kuzungusha. Kimoja kinaamua ijaze joto kiasi gani usiku. Kingine kinafungua kilango cha kutolea joto. Wengi wanaacha kilango wazi wanapolala, joto linapotea alfajiri, jioni hakuna kitu. Kifunge kabisa kabla ya kulala, ukifungue jioni. Fanya hivyo wiki moja.

MamaSalma
Mwanangu, hilo la kilango ni kweli tupu, nimeishi nazo miaka kumi na minne. Nakuongezea jingine kwa kuwa kuna mtoto: msianike nguo juu yake. Mimi nilitandika kanga mbichi, nikaikuta imekuwa ya kahawia katikati, upana wa kiganja, na chumba kizima kinanuka moshi. Ndani mle matofali yanafika nyuzi mia kadhaa. Mwambie mama yako siku ya kwanza tu, maana kwa mtu aliyetoka kwetu linaonekana ni kabati la kuanikia.

MzeeWaGlasgow
Angalia na mita. Yangu ilikuwa inawashwa kwa mawimbi ya redio ya masafa marefu, yale ya kilohezi 198, na huduma hiyo ya mita walianza kuizima 2025. Waliponibadilishia mita, hita zikawa zinajaza mchana. Niligundua kwa mkono: saa nane mchana hita ilikuwa inazidi kupata moto badala ya kupoa. Wiki tano nimelipa bei ya mchana, na kurudishiwa kulichukua miezi.

Ukibadilishiwa mita, kesho yake usiku wa manane amka uone ni namba ipi inayosogea, ya usiku au ya mchana.

FundiStima
Asante Mzee. Na kuna mita ambazo haziendi na mabadiliko ya saa ya kiangazi, saa zinaposogezwa mbele, kwa hivyo usiku wao unachelewa saa nzima.

Dada, ukiamua kununua mpya, muulize fundi swali hili: utaleta nyaya ngapi kwa kila hita? Za kisasa zinataka mbili, moja ya usiku ya kujaza, nyingine ya saa zote ya feni na mitambo. Fleti nyingi za zamani zina moja tu kila mahali. Kama pauni 950 haijahesabu waya wa pili, bei itapanda kazi ikishaanza. Na swichi iwe ile inayokata zote mbili kwa mpigo, ili mtu asizime upande mmoja akadhani hita imekufa, kumbe upande wa pili una moto. Dai cheti akimaliza.

Ile iliyokufa usijaribu kuisogeza. Kubwa yao inapita kilo 100. Inazimwa, inapoa zaidi ya siku nzima, ndipo matofali yanatolewa moja moja.

Kiyoyozi ni kizuri kweli, uniti moja inaweza kukupa joto la uniti tatu. Lakini kile kipande cha nje, ghorofa ya tatu, bila kibali cha wenye jengo huwezi.

BintiMuheza
Wenye jengo nimewaandikia, wamekataa chochote cha kutundikwa nje. Kilango nimefunga usiku wa juzi na jana. Leo nimerudi saa kumi na mbili na nusu, mama kakaa sebuleni bila sweta. Kwa hiyo ya sebule naiacha, nanunua moja mpya ya chumba chao ambako hita imekufa. Chumbani kwangu nitavumilia iliyopo. Fundi nimemuuliza habari ya waya wa pili, akasema atarudi kupima upya.

FundiStima
Akirudi, mwambie akuandikie bei mbili, ya hita na ya waya, kila moja peke yake. Ukizipata ziweke hapa tuzione.