Mrejesho: mgagani umeota

Wakuu, niliuliza kwa nini mbegu za mgagani, ile mboga ya majani, zilizotoka kuvunwa hazioti. Mkasema bado zimelala, nizihifadhi pakavu miezi kadhaa. Kweli bwana! Mbegu zilezile sasa zimeota karibu zote. Nimezifukia kama sentimita 1 tu, papo hapo kwenye tuta, maana mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa.

Ukame unauvumilia, ila maji yakituama unanyong'onyea, na ukikaukiwa mno unakimbilia kutoa maua. Vichwa vya maua navikata vikichomoza tu. Matawi ya pembeni yanafumuka, majani tele, yenye vijinywele vya kunatanata. Michache nimeiacha izae mbegu. Maganda yakigeuka manjano nayawahi, yakikauka yanapasuka yenyewe na mbegu zote zinamwagika chini.