Marekani kesi inaamuliwa na juri au na mwendesha mashtaka? Mimi nasema kukiri kosa kwa makubaliano kuwekewe mpaka

Wadau habari zenu. Juzi kuna ndugu alisifia sana mahakama za Marekani, akasema kule hufungwi mpaka raia 12 wakae wakusikilize na wakubaliane wote. Katiba yao inatoa kweli haki ya kusikilizwa na juri, yaani hao raia, na tangu 2020 kwenye kesi ya Ramos dhidi ya Louisiana Mahakama ya Juu ilishasema hata majimboni hakuna tena kumtia mtu hatiani kwenye kosa kubwa kwa kura 10 kwa 2. Ila mie naishi huku Kentucky mwaka wa tisa sasa, na hao raia 12 washtakiwa wengi hawawaoni kabisa.

Mwaka 2012, kwenye hukumu ya Lafler dhidi ya Cooper, jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba asilimia 97 ya wanaotiwa hatiani mahakama za shirikisho, na asilimia 94 kwenye majimbo, ni watu waliokiri. Sasa kukiri kwenyewe kukoje: mwendesha mashtaka anakuja na ofa, ukikubali unapata kidogo, ukikataa anakutafutia kikubwa. Huko majimbo mengi huyo mwendesha mashtaka ni mtu wa kupigiwa kura kwenye kaunti. Jaji wa shirikisho haruhusiwi hata kushiriki hayo mazungumzo, anakuja kuuliza maswali mwishoni biashara ikiwa imeshaisha.

Kuna kesi moja kila anayetetea huu mfumo ningependa aijue. Paul Hayes, mtu wa huku huku Kentucky, kaunti ya Fayette, alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88 na senti 30. Adhabu yake ilikuwa miaka 2 mpaka 10. Akaambiwa kiri tukuombee miaka 5, ukiisumbua mahakama kwa kutaka kesi isikilizwe tunakuongezea shtaka la mhalifu wa kurudia, maana alikuwa na makosa mawili ya nyuma, na hilo shtaka adhabu yake ni maisha. Hayes akakataa, akaenda kwenye juri, akapatikana na hatia, akapigwa maisha. Kwa dola 88.

Na hapa ndo utaona mahakama zao zilivyopangwa, maana zipo ngazi mbili zinazoenda sambamba, za majimbo ambazo ndo zinabeba kesi nyingi sana na za shirikisho zenye mahakama za wilaya 94, za rufaa 13, na juu kabisa majaji 9. Hayes alizipanda zote. Rufaa ya jimbo ikamkatalia, akahamia mahakama ya wilaya ya shirikisho nayo ikamkatalia, akaenda rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa sita, ile inayobeba Kentucky, Ohio, Michigan na Tennessee, hapo akashinda, wakasema mwendesha mashtaka amemwadhibu mtu kwa kutumia haki yake. Jimbo likakata rufaa Mahakama ya Juu, na mwaka 1978 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema aliambiwa mapema, alikuwa huru kuchagua, maisha yabaki. Kura moja tu jamani. Hukumu hiyo haijafutwa mpaka leo.

Mnaosema anakiri kwa hiari yake, nina kisa. Mzee mmoja Mkongo, jirani yetu, alishtakiwa kununua jenereta ya wizi, yeye anasema aliinunua kwa mtu barabarani hakujua. Dhamana ikamshinda, akakaa ndani wiki tano. Siku ya mahakama wakili wake wa kupewa bure aliongea naye kwenye korido, nilikuwepo, haikufika robo saa. Kiri leo, kifungo cha nje, jioni uko kwako, ukikataa unarudi ndani mpaka tarehe nyingine ambayo haijulikani. Mzee akaniuliza, mwanangu, nikisema sikufanya narudi ndani, nikisema nimefanya naenda nyumbani? Nikakosa la kumjibu.

Kule ndani jaji akasoma maswali yake, akafika pale pa kuuliza, hujalazimishwa na mtu yeyote? Mzee akajibu kama tunavyojibu sisi, ndiyo, yaani ndiyo sijalazimishwa. Mkalimani akalitoa vile vile lilivyo, na kwa Kiingereza hiyo ndiyo inasikika ndiyo nimelazimishwa. Jaji akanyanyua kichwa, chumba kizima kimya. Wakili akawahi kusema ni lugha tu mheshimiwa, swali likarudiwa, mzee akasema hapana, karatasi zikasainiwa. Mie ile ndiyo ya kwanza haijanitoka kichwani mpaka leo.

Naongezea baada ya kusoma majibu yenu.

Kaka uliyesema kesi zote zikisikilizwa mahakama zitakwama, hoja yako ina uzito na siombi makubaliano yafutwe kabisa. Ila Alaska mwaka 1975 mwanasheria mkuu wao Avrum Gross aliyapiga marufuku jimbo zima, kesi za kusikilizwa ziliongezeka, mahakama hazikufa. Kwa hiyo tusitishane.

Dada uliyetaja wahanga wa ubakaji, kwamba mshtakiwa akikiri wanaepuka kusimama mbele ya watu na kuhojiwa mambo ya aibu, hapo nakubali kabisa na sina la kupinga.

Aliyesema wakili yupo, kweli tangu 1963, kwenye kesi ya Gideon, mtu asiye na uwezo kwenye kosa kubwa anapewa wakili. Lakini someni ya Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori, amekaa Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na vitani Vietnam ameenda, wakili akamwambia kiri usiwe na wasiwasi na uhamiaji, akakiri, kumbe kosa lenyewe linamrudisha kwao moja kwa moja. Ilibidi Mahakama ya Juu 2010 iseme wakili ana wajibu wa kumwambia mteja mgeni hilo jambo. Sisi wenye karatasi za kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hilo tulishike.

Ninachotaka mimi ni viwili. Ukishakataa ofa, wasiruhusiwe kukuongezea shtaka ambalo ushahidi wake walikuwa nao tangu siku ya kwanza. Na tofauti kati ya ofa na adhabu ya aliyekataa iwe na kikomo kinachojulikana kwenye sheria, isiwe miaka 5 kwa maisha. Na msiseme ni ya Wamarekani peke yao, Kenya makubaliano haya yameingia kwenye sheria tangu 2008 na Tanzania tangu 2019.

Sasa nyie mnaotetea mfumo kama ulivyo naomba jibu moja tu. Mngekuwa mmekaa pale 1978 na kura ni 4 kwa 4, hundi ya dola 88 iko mezani, mngemwambia nini Hayes?